Wafungwa karibu wote wanatoka, swali ni wanatokaje

Kila likitokea tukio baya, mtu kaporwa kwa panga, binti kabakwa, mzee kavamiwa usiku nyumbani kwake, maoni yanaenda upande mmoja tu, afungwe miaka 30, afungwe maisha, aozee huko huko. Hasira hiyo mimi sina ugomvi nayo hata kidogo, mtu aliyeumizwa ana haki ya kukasirika na jamii ambayo haikasiriki mtoto akibakwa ina shida kubwa. Ila hasira ikishapoa kuna swali moja huwa linabaki bila jibu, huyu mtu siku akitoka atakuwa mtu wa namna gani?

Maana atatoka. Hata Marekani, nchi inayojulikana kwa vifungo virefu, takwimu za serikali yao zinaonyesha angalau asilimia 95 ya wafungwa wa magereza ya majimbo wataachiwa siku moja. Dunia nzima kuna watu zaidi ya milioni 11 wako ndani, na sehemu kubwa kabisa ya hao watarudi uraiani, watapanga chumba jirani na mtu, watapanda basi moja na mtoto wa mtu, wataomba kazi mahali. Kwa hiyo ukiniuliza gereza linapimwaje nitakujibu linapimwa kwa kitu anachofanya mtu baada ya kutoka, vingine vyote ni vya pembeni.

Na hapa ndo kwenye hoja yangu. Kumbadilisha mtu tabia ni ufundi, una njia zake, zimejaribiwa, zimepimwa, nyingine zimeonekana zinafanya kazi na nyingine zimeonekana zinaharibu. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, ibara ya 10, unasema wazi kwamba lengo kuu la mfumo wa magereza ni kumrekebisha mfungwa na kumrudisha kwenye jamii, na Kanuni za Mandela zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa 2015 zimerudia jambo hilo hilo. Nchi nyingi zimesaini, zimeandika urekebishaji kwenye sheria na kwenye mabango ya getini, alafu zikaendelea kufunga watu vile vile kama zamani, ufundi wenyewe haufanyiki. Hilo ndo linaloniuma kwenye mada hii.

Tuanze na imani kubwa kuliko zote, kwamba adhabu ikiwa kali zaidi watu wataogopa. Mwitaliano Cesare Beccaria aliandika tangu 1764 kwamba kinachozuia uhalifu ni uhakika wa kukamatwa, ukali wa adhabu unafuata mbali nyuma, na watafiti wa siku hizi kama Daniel Nagin wamepitia ushahidi wa miaka mingi wakafika pale pale. Ukifikiri vizuri inaeleweka. Kijana anayepanga kupora simu sasa hivi hajui hata sheria inasema miaka mingapi, anachopiga hesabu ni kama kuna mtu anamuona na kama atawahi kukimbia. Ukitoa kifungo miaka 5 ukakipeleka miaka 15 hujagusa hesabu yake, lakini ukifanya polisi wapelelezi wafuatilie kesi na wengi wa waporaji wakamatwe kweli, hapo umemgusa. Sasa kubadilisha namba kwenye sheria ni kazi ya mchana mmoja bungeni na inapigiwa makofi, kujenga upelelezi mzuri ni kazi ya miaka na hakuna anayepiga makofi, ndo maana tunapandishiwa vifungo kila siku.

Na ndani huko mtu anakuwaje? Mwaka 2021 Damon Petrich na wenzake walikusanya tafiti 116 zilizolinganisha watu waliofungwa na watu waliopewa adhabu za kutumikia nje ya gereza, wakakuta kifungo hakipunguzi kurudia makosa, pengine hata kinaongeza kidogo. Marekani walifuatilia watu walioachiwa mwaka 2005 kwenye majimbo 30, ndani ya miaka 3 asilimia 68 walikuwa wameshakamatwa tena, ndani ya miaka 9 wakafika asilimia 83. Hayo ni magereza ya nchi tajiri yenye pesa, kuta, kamera na kila kitu.

Sababu zake hazihitaji elimu kubwa kuzielewa. Unamchukua mtu unamtoa kwenye kazi, kwa mke au mume, kwa watoto, unamuweka miaka kadhaa na watu waliobobea kwenye uhalifu, unamuamulia kila kitu, saa ya kuamka, saa ya kula, saa ya kuoga, mlango anafunguliwa na kufungiwa na mtu mwingine, alafu siku moja asubuhi unamwambia nenda kajitegemee. Tena kule ndani anajifunza sheria za kuishi ambazo hazijaandikwa popote, usilie, usimuamini mtu, ukidharauliwa jibu hapo hapo la sivyo utaonewa mpaka mwisho wa kifungo. Sheria hizo zinamlinda akiwa ndani. Akitoka nazo, bosi akimfokea mara moja tu kazini au mtu akimkanyaga kwenye foleni anajibu kama alivyozoea kujibu, na anarudi.

Vifungo vifupi ndo vibaya zaidi na ndo vinavyotolewa kwa wingi sehemu nyingi, miezi 3, miezi 6, kwa kuku, kwa simu, kwa kushindwa kulipa faini. Muda huo hautoshi kumfundisha mtu chochote lakini unatosha kabisa apoteze kazi, afukuzwe kwenye chumba, mahusiano yafe na apate marafiki wapya wa kihalifu. Wizara ya sheria ya Uingereza imeshaonyesha kwa takwimu zake yenyewe kwamba waliofungwa chini ya miezi 12 wanarudia makosa zaidi kuliko wenzao wanaofanana nao waliopewa adhabu za kutumikia nje, na Scotland tangu 2019 hakimu anatakiwa asimfunge mtu miezi 12 au chini ya hapo mpaka aone hakuna njia nyingine inayofaa. Wanasaikolojia wawili wa Kanada, Don Andrews na James Bonta, walishaeleza kwa nini miaka ya 1990. Walisema nguvu kubwa ya urekebishaji ielekezwe kwa mtu mwenye hatari kubwa ya kurudia, na mtu mwenye hatari ndogo muache karibu na maisha yake ya kawaida, maana ukimchanganya na wale wa hatari kubwa unamuharibu wewe mwenyewe kwa mikono ya serikali.

Kuna historia hapa watu wengi hawaijui na mimi naona imetuumiza sana. Mwaka 1974 mwanasosholojia mmoja Mmarekani, Robert Martinson, aliandika makala baada ya yeye na wenzake kupitia tafiti 231 za programu za kurekebisha wafungwa. Akasema ukiacha chache hapa na pale, hazionyeshi matokeo ya maana. Wanasiasa wakaidaka ile makala kama embe lililoanguka lenyewe, wa kulia wakasema basi tufunge tu miaka mingi, wa kushoto wakasema basi tuache kuwashikilia watu kwa kisingizio cha kuwatibu, na sentensi ya "hakuna kinachofanya kazi" ikawa ndo sera. Mwaka 1979 Martinson huyo huyo aliandika tena, akakiri kwamba alikosea, zipo programu zinazopunguza uhalifu na zipo zinazoongeza, inategemea programu ipi, kwa nani na katika mazingira gani. Ya pili hiyo haikusomwa. Siwezi kusema makala moja ilijaza magereza, kulikuwa na vita ya madawa ya kulevya, kulikuwa na siasa za ubaguzi na mambo mengine mengi, ila kufika 2008 Marekani walikuwa na watu zaidi ya milioni 2.3 ndani, na kwa muda mrefu hoja ya kwamba mtu habadiliki ilikuwa inachukuliwa kama sayansi.

Sayansi iliendelea kufanyika kimya kimya, na inasema kitu kingine. Mark Lipsey na wenzake 2007 walichambua tafiti 58 za mafunzo yanayomfundisha mtu kutambua mawazo yake kabla ya kitendo, kuyahoji, na kufanya mazoezi ya kujibu tofauti. Kwa wastani kurudia makosa kulishuka kwa robo, kwamba kama kwenye kundi lisilopata mafunzo wangerudi watu 40 kwa mia, huku walirudi 30. Robo sio muujiza lakini ukiwa ni wewe mmoja kati ya wale ambao wangeporwa na hukuporwa, robo ni kubwa sana.

Mafunzo hayo yanafananaje? Chicago kuna programu ya vijana wa shule inaitwa Becoming a Man, na zoezi lao la kwanza linaeleza kila kitu. Vijana wanagawanywa wawili wawili, mmoja anapewa mpira aushike mkononi, mwenzake anaambiwa una sekunde 30 uuchukue. Karibu wote wanaanza kuvutana, kubinyana vidole, kuangushana chini. Baadae kiongozi anauliza, mbona hakuna aliyemuomba mwenzake ampe? Wanajibu asingenipa, angeniona boya. Sasa yule aliyekuwa na mpira anaulizwa, ungeombwa ungetoa? Na wengi wanasema ningempa tu, si mpira tu. Hapo kijana anaona kwa macho yake kwamba ile "lazima nitumie nguvu" imetoka kichwani kwake, mwenzake hakuwa adui. Watafiti walipopima kwa kura ya bahati nasibu nani aingie na nani asiingie, kukamatwa kwa makosa ya ukatili kulishuka karibu nusu kipindi programu ikiendelea, na mafunzo ya aina hiyo yalipopelekwa kwenye mahabusu ya watoto wa Chicago, kurudishwa ndani kulipungua kwa asilimia 21.

Lakini utafiti unaonipa nguvu kuliko yote umefanyika hapa hapa Afrika, Liberia, nchi iliyokuwa imetoka kwenye vita mbaya ya wenyewe kwa wenyewe. Mjini Monrovia walichukuliwa wanaume 999, wezi wa mitaani, wauza madawa, wengine walikuwa wapiganaji, watu ambao ukikutana nao usiku unavuka barabara. Wakagawanywa makundi manne kwa bahati nasibu. Kundi moja likapata mafunzo ya wiki 8, kundi lingine likapewa dola 200 taslimu bila masharti, kundi la tatu likapata vyote viwili, la nne halikupata kitu. Mafunzo yalisimamiwa na asasi ya pale pale Liberia, na baadhi ya waliofundisha walikuwa wenyewe wametoka kwenye maisha hayo hayo, kwa hiyo hakuna mtu wa kuwaambia hujui maisha yetu. Walifundishwa kuzuia hasira, kupanga mambo ya mbele, na pia kuishi kama raia wa kawaida, wakanyolewa, wakavaa nguo safi, wakatumwa waingie benki, waingie supamaketi, waongee na watu, warudi waeleze ilikuwaje.

Matokeo yake yanafundisha sana. Zile pesa kwanza hazikuishia kwenye pombe na madawa kama wengi wangetabiri. Waliopata pesa peke yake, baada ya mwaka walikuwa kama hawakupata. Waliopata mafunzo peke yake walibadilika mwanzoni alafu mabadiliko yakaanza kufifia. Waliopata mafunzo na pesa wakabaki wamebadilika, na watafiti, Christopher Blattman na wenzake, waliporudi kuwatafuta baada ya miaka 10 wakakuta wizi, uuzaji wa madawa na mambo kama hayo bado yako chini kwa karibu nusu ukilinganisha na wasiopata kitu. Gharama ya yote hayo ilikuwa kama dola 530 kwa mtu mmoja.

Kwa nini pesa ilisaidia wakati ikiwa peke yake haisaidii? Maelezo ya watafiti ni kwamba pesa ilimpa mtu muda. Amefundishwa kuwa mtu mwingine, sasa akirudi mtaani hana kitu kesho yake njaa inamrudisha kwenye kazi aliyokuwa anaijua, lakini akiwa na mtaji mdogo, akauza vitu vyake, akavaa vizuri, watu wakaanza kumuita kwa jina lake, ile tabia mpya inapata miezi ya kufanyiwa mazoezi mpaka inakaa. Kwa hiyo ukifundisha kichwa bila kumpa mahali pa kusimama umefanya nusu kazi, na ukimpa mtaji bila kugusa kichwa umefanya nusu nyingine, na magereza mengi hayafanyi hata hizo nusu.

Niseme pia kwamba nia njema peke yake haitoshi, na watu wa upande wangu tusikwepe hili. Miaka ya 1970 kule New Jersey walianzisha mpango wa kuwapeleka vijana watukutu gerezani wakafokewe na wafungwa wa vifungo virefu ili waogope, ukaitwa Scared Straight, ukasambaa kila mahali kwa sababu ukiutazama unaona kabisa hapa kijana atanyooka. Walipokuja kupima kwa majaribio ya kweli wakakuta vijana waliopelekwa walifanya makosa zaidi kuliko ambao hawakupelekwa. Uingereza nao walikuwa na programu kubwa ya wafungwa wa makosa ya kingono magerezani, ikaendeshwa miaka mingi na watu wenye elimu na moyo, tathmini iliyotoka 2017 ikaonyesha waliopitia programu waliorudia makosa hayo ni asilimia 10 na wasiopitia ni asilimia 8. Wakaifunga. Mimi naona kuifunga kule kulikuwa ni uungwana mkubwa, serikali kukubali namba mbaya hadharani na kuacha. Hii ndo maana nasisitiza ni ufundi. Fundi anapima kazi yake, ikiwa mbovu anabomoa, haangalii alivyochoka kuijenga.

Na hapo naomba niguse jambo nyeti kidogo. Magereza mengi yakiulizwa urekebishaji wenu uko wapi yanaonyesha mahubiri ya wikiendi na kazi za shamba. Dini imewabadilisha watu wengi na mimi siwezi kuipinga, inampa mtu watu wapya wa kukaa nao akitoka na hicho kitu ni kikubwa, na kazi nayo ni bora kuliko kukaa bure unaangalia ukuta. Lakini kumwambia mtu acha wizi ni dhambi, wakati yeye tangu ana miaka 9 anajua ni dhambi, hujamfundisha afanye nini ile dakika ambayo rafiki yake wa zamani anampigia simu na hana hata hela ya kula. Na kulima miaka 4 shamba la gereza kwa jembe alafu unatoka unarudi mjini ambako hakuna shamba, bila hata cheti, sijui hiyo kazi imemuandaa kwa lipi. Elimu inayoeleweka na cheti kinachotambulika nje ni jambo lingine kabisa, shirika la RAND mwaka 2013 lilikusanya tafiti za Marekani likakuta waliosoma gerezani uwezekano wao wa kurudi unashuka kwa asilimia 43, na kila dola 1 iliyowekwa kwenye elimu hiyo iliokoa dola 4 hadi 5 za kuwafunga tena. Sehemu ya tofauti hiyo inawezekana inatokana na kwamba wanaojiandikisha ni wale walioshaamua kubadilika, sawa, lakini mtu aliyeamua kubadilika akikuta hakuna darasa anafanya nini na uamuzi wake?

Watu wakisikia haya wanakumbuka Norway na mabishano yanaanza. Gereza la Halden lililofunguliwa 2010 lina vyumba vya mtu mmoja, jiko la pamoja, karakana, hata studio ya muziki, na watu wakiona picha wanasema hii ni hoteli, mhalifu anabembelezwa. Msingi wao ni kwamba adhabu ni kunyimwa uhuru, basi, maisha mengine yafanane na ya nje kadri inavyowezekana, na askari magereza wao wanasomea kazi hiyo miaka 2 kabla ya kukabidhiwa, wanakaa na wafungwa, wanakula nao, kila mfungwa ana askari wake anayefuatilia mipango yake. Kurudia makosa kwao ni kama asilimia 20 ndani ya miaka 2. Namba hiyo msiiweke moja kwa moja na ile 68 ya Marekani, Norway wanahesabu kuhukumiwa upya na Marekani wanahesabu kukamatwa tu, na miaka haifanani, wanaharakati wengi wanalinganisha hivyo na wanajivunjia hoja wenyewe.

Ushahidi mzuri wa Norway uko kwenye utafiti uliochapishwa 2020. Kule kesi zinapangwa kwa mahakimu bila kuchagua na mahakimu wengine ni wakali kuliko wenzao, kwa hiyo wapo watu wanaofanana kabisa ambao mmoja kafungwa na mwingine hakufungwa kwa sababu tu ya hakimu aliyempata. Manudeep Bhuller na wenzake wakatumia bahati hiyo kupima, wakakuta kifungo cha Norway kinapunguza sana kurudia makosa, na faida karibu yote iko kwa watu ambao kabla ya kufungwa hawakuwa na kazi. Hao gerezani waliingizwa kwenye mafunzo ya ajira, wakatoka wakapata kazi. Waliokuwa na kazi tayari, kifungo kiliwapotezea ajira na hakikuwasaidia. Maana yake gereza linaweza kumbadilisha mtu likijaziwa kitu ndani, na kuna watu ambao hawakutakiwa kuingizwa kabisa. Na kwa anayeuliza vipi kuhusu yule hatari kweli kweli, Norway hiyo hiyo Anders Breivik aliyeua watu 77 mwaka 2011 alihukumiwa miaka 21 ya kifungo cha aina inayoweza kuongezwa kila inapoisha, kwa muda wote ambao mahakama itaona bado ni hatari. Kurekebisha na kulinda raia havigombani.

Tuje getini sasa, maana hapo ndo kazi yote inapoharibika. Mtu anatoka asubuhi na nguo alizoingia nazo, kitambulisho kimepotea au kimeisha muda, simu hana, mke ameolewa, wazazi wengine walifariki akiwa ndani. Jimbo la Washington kule Marekani walifuatilia watu waliotoka gerezani wakakuta wiki 2 za kwanza hatari ya kufa ilikuwa mara 12.7 ya watu wa kawaida wanaofanana nao, sana kwa madawa ya kulevya, kwa sababu mwili umeshasahau dozi lakini kichwa hakijasahau. Wiki 2 tu. Mtu amehudumiwa na serikali miaka 6, wamempikia, wamemlinda, wamemhesabu asubuhi na jioni, alafu wiki mbili ambazo anahitaji mtu kuliko wakati wowote hakuna hata mmoja mwenye jukumu naye.

Akiokoka hizo anakutana na ajira. Mwanasosholojia Devah Pager alifanya jaribio kwenye mji wa Milwaukee, Marekani, likachapishwa 2003, akatuma vijana kuomba kazi wakiwa na sifa zilezile, tofauti ni rangi na kama fomu inasema amewahi kufungwa. Wazungu wasio na rekodi waliitwa asilimia 34, wenye rekodi 17. Weusi wasio na rekodi 14, wenye rekodi 5. Mweusi ambaye hajawahi kugusa jela aliitwa mara chache kuliko mzungu aliyefungwa, na hilo lina makala yake, lakini kwa mada yetu angalia tu vile neno "alifungwa" linavyokata nafasi kwa nusu au zaidi kwa kila mtu. Hakimu alimpa miaka 3, sisi wengine tukamuongezea maisha.

Na waathirika je? Hili ndo swali ambalo wanaotetea marekebisho mara nyingi wanalipita haraka na wanakosea. Kwenye kesi ya kawaida aliyeibiwa au kupigwa anaitwa kama shahidi, anaulizwa maswali ya kumuaibisha, anaambiwa nenda utasikia hukumu, na hakuna anayemuuliza anahitaji nini. New Zealand tangu 1989 kesi za watoto na vijana wengi zinapitia kikao ambacho familia ya mkosaji, mkosaji mwenyewe na aliyekosewa akipenda wanakaa pamoja, anasema alichoumizwa, anauliza kwa nini mimi, na wanapanga jinsi ya kufidia. Uingereza walipojaribu vikao vya aina hii hata kwa watu wazima wenye makosa mazito, wengi wa waathirika walioshiriki waliridhika na kurudia makosa kukapungua. Mhalifu akikaa kwa hakimu anajitetea, akikaa mbele ya mama aliyemvunjia mlango usiku hana pa kujificha, na mimi naamini kwa watu wengi hicho ni kigumu kuliko kulala sero. Ila iwe kwa hiari ya aliyekosewa, asilazimishwe hata kidogo, na kwenye ukatili wa nyumbani tahadhari iwe kubwa mara mbili.

Kuna watu wazima wenye busara wanaosema samaki mkunje angali mbichi, mtu wa miaka 25 ameshakauka huyo. Kwenye uhalifu ni kinyume chake. Karibu kila jamii iliyopimwa, makosa yanapanda utotoni mwishoni, yanafika kileleni kwenye miaka ya 17 mpaka 20 na kitu, alafu yanashuka yenyewe kadri mtu anavyokua. Robert Sampson na John Laub waliwafuatilia wanaume wa Boston waliokuwa watukutu utotoni mpaka wengine wakafika miaka 70, wakakuta hata wale sugu waliacha karibu wote, wengine mapema wengine wamechelewa, na waliowahi kuacha mara nyingi walikuwa wamepata kazi ya kudumu, ndoa nzuri au jeshi, kitu cha kuogopa kukipoteza. Kwa hiyo mtu wa miaka 22 uliyemfunga miaka 30 unamlipia chakula na ulinzi miaka mingi ambayo angekuwa ameshaacha, na kwenye njia hiyo hiyo umemnyima kazi na ndoa ambazo ndo zingemuachisha.

Basi tubadilishe nini? Mimi ningeanza na hesabu. Bwana jela anaulizwa wangapi wametoroka mwaka huu, haulizwi wangapi kati ya walioachiwa miaka 2 iliyopita wamerudi, na kitu kisichoulizwa hakifanyiwi kazi. Kila gereza litoe namba hiyo hadharani kila mwaka, alafu bajeti na kupandishwa vyeo vifuate namba. Pili, punguza wanaoingia, karibu theluthi ya watu walioko ndani duniani ni mahabusu ambao kesi zao hazijaisha, wengine wapo kwa sababu dhamana ni pesa na pesa hawana, na gereza lenye watu mara mbili ya nafasi yake haliwezi kufundisha mtu yeyote kitu chochote, askari mmoja kwa watu 100 anachoweza ni kuhesabu vichwa tu. Zimbabwe walianza huduma kwa jamii badala ya vifungo vifupi miaka ya 1990 mwanzoni wakiwa hawana utajiri wa Norway, na nchi kadhaa za Afrika zikaiga, kwa hiyo hoja ya kwamba haya ni mambo ya matajiri siikubali. Yule mwenye hatari kubwa apate mafunzo yenyewe hasa, miezi kadhaa kabla ya kutoka, na awe na mtu anayejulikana kwa jina wa kumpokea getini, kitambulisho mkononi, pa kulala wiki za kwanza na mtaji kidogo au kazi.

Na rekodi iwe na mwisho. Alfred Blumstein na Kiminori Nakamura walipima mwaka 2009 inachukua muda gani mpaka mtu aliyekamatwa akiwa kijana asiwe na hatari zaidi ya mtu mwingine wa umri wake, wakapata kama miaka 4 hadi 8 ya kukaa bila kosa, kutegemea alichofanya na alikuwa na umri gani. Kwa kazi za kulea watoto na kesi za ubakaji weka utaratibu wake mkali, hapo sina ubishi. Lakini kijana aliyeiba pikipiki akiwa na miaka 19, sasa ana miaka 32, ana watoto wawili na hajagusa cha mtu tena, sheria iseme kuanzia mwaka fulani mwajiri haruhusiwi kumuuliza, na polisi hawaruhusiwi kuitoa hiyo karatasi kwa mtu anayetafuta dereva wa kumuendeshea gari.